Fundo la Mkono wa Kushoto

Fundo lilikuwa limegeuka.

Mke wa kinyozi aliliona akiwa bado mlangoni, mkoba begani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Mtoto alikuwa amelala chali kwenye mkeka pembeni ya bibi yake, anapiga mateke hewani, ameshiba, hana dalili ya kulia. Shati lake lilifungwa ubavuni kwa vijitepe viwili ambavyo mama yake alivishona mwenyewe wakati wa likizo ya uzazi, akihofia vifungo visije vikamezwa. Na vijitepe vilikuwa vimefungwa vizuri tu, kama kipepeo. Ila kitanzi cha juu kilikuwa kimelalia upande usio wake.

Mtu mwingine asingeona. Yeye alikuwa fundi cherehani. Katika karakana ya sare alikofanya kazi, vipande vilivyokatwa hufungwa mafungu kwa vitambaa, kila fundi hufunga fungu lake, na baada ya miaka ya kuyafungua alikuwa amefika mahali pa kumjua mfungaji kwa kutazama fundo tu. Hili lilikuwa fundo la mtu wa mkono wa kushoto.

Na nyumba ile haikuwa na mtu wa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kazi."

"Nimeshapoa. Kibonge hakukusumbua?"

"Hakusumbua hata kidogo. Maziwa uliyoacha amekunywa yote."

"Nani kamvalisha?"

Mama mkwe alipapasa ukingo wa mkeka kama anayetafuta kitu kilichoanguka. "Mimi. Kwani hapa kuna nani mwingine?"

"Asubuhi nilimwacha na shati la njano."

"Alilichafua. Ndiyo nikamvalisha hili la kijani."

Shati lilikuwa jekundu. Jekundu kama nyanya.

Mke wa kinyozi akamnyanyua mtoto. Matiti yalikuwa yamejaa mpaka yanauma, blauzi imelowa chini ya kitenge alichojifunika njiani. Alikaa, akamnyonyesha, na mtoto akanyonya kwa ustaarabu wa mgeni aliyekwisha kula kwingine. Alipomkunjua kiganja kukifuta jasho, akakuta uzi mrefu mweusi umejizungusha kwenye vidole. Haukuwa uzi wa cherehani. Ilikuwa rasta, zile nywele za bandia za kusukia.

Hapo akaacha kumfuta mtoto jasho.

Maana mwanamke wa mkono wa kushoto alikuwepo. Hakuwa wa nyumba hii, ila kidogo tu angekuwa. Alikuwa msusi, chumba chake cha kazi kimetazamana na cha kinyozi, korido moja, mlango mmoja wa mtaani. Kabla ya ndoa hii, msusi na kinyozi walikuwa wamefika mbali, na mama mkwe alimpenda yule dada hata leo bado anamsifia vidole. "Anasukia kushoto, lakini mstari wake umenyooka," husema, tena mbele ya mkwe wake.

Na kuna hili pia. Likizo ilipokaribia kwisha, mama mkwe ndiye aliyepinga kuliko wote. "Hizo kola zitalala njaa usipozishona wewe?" aliuliza. "Mtoto mchanga hivi unamwacha unakwenda kukalia cherehani?" Akapinga, akanuna, kisha siku moja asubuhi akaamka amebadilika: "Nenda kazini. Niachie mimi." Wakati ule mke wa kinyozi alimshukuru Mungu kwa machozi. Sasa alijiuliza ni nini kilichombadilisha mtu kwa usiku mmoja.

Mumewe alirudi jua limezama, ananukia poda ya dukani. Alimbusu mtoto utosini, kisha akasimama mbele ya kioo cha kabati kuvua shati la kazi.

"Leo ulipita nyumbani mchana?" mkewe akamuuliza.

"Nipite nifanye nini? Wateja walikuwa wamejaa." Alimjibu kupitia kioo. Ndivyo alivyokuwa, siku nzima huzungumza na watu kwa kuwatazama kiooni, na mazoea hayo huyaleta mpaka chumbani. Hata wao walipendana hivyo hivyo. Mke alimpeleka mdogo wake kunyolewa, akainua uso, akakuta macho ya kinyozi yamemtulia ndani ya kioo, laini, hayana haraka. Zamani macho yale yalimfanya ajisikie mzuri. Jioni hii yalikutana na yake, yakakimbilia kwenye kola ya shati.

"Mama kanichanganya rangi leo," alisema taratibu. "Kavalisha jekundu, kasema kijani."

Mkono wa mumewe ulisimama kidogo kwenye kifungo. "Amechoka. Mzee huyo, mama Kibonge. Usimhesabie."

"Simhesabii. Nauliza tu."

"Basi tule."

Walikula. Kabla ya kulala mke wa kinyozi alipiga magoti upande wake wa kitanda, akaomba kwa sauti isiyotoka: "Mungu wangu, kama ni dhana tu, iondoe. Kama ni kweli, nionyeshe, wala usinionyeshe nusu."

Kesho yake alikuwa amejificha karakanani nyuma ya marobota ya vitambaa, anakamua maziwa kwenye kikombe chenye kifuniko, na mwenzake wa meza ya kushonea mikono ya mashati amesimama kumlinda asichunguliwe. Mwenzake huyo walimwita Redio, na wala hakulikasirikia jina hilo.

"Mimi si mtu wa maneno," Redio akaanza.

Mke wa kinyozi alifumba macho. Redio akianza hivyo, kuna jambo.

"Ila jana nilitumwa nyuzi. Napita mtaa ule wa kina shemeji, namwona mumeo, kakumbatia kitu kifuani, kakifunika taulo, anatembea mbio mbio kama kakiiba. Kaingia mlango wao ule."

"Kitu gani?"

"Mtoto."

"Una hakika ni mtoto?"

"Labda lilikuwa tikiti maji lililovaa soksi. Mimi sijui, shoga yangu, nimesema nilichoona."

"Alikwenda upande gani wa korido? Wa kwake au wa msusi?"

Redio alisita, na kwa mara ya kwanza sura yake ikaonyesha huruma. "Hapo sikuona. Gari la maji lilinikinga."

Maziwa yalikatika. Alikamua, hayakutoka hata tone. Mwili nao ulikuwa umesikia. Alifunika kikombe, akafunga blauzi, akarudi kwenye cherehani, akaanza kushona kola na kichwa hakipo.

Msimamizi alimjia na kola tatu mkononi, akazitupa juu ya meza. "Hizi zinatazama wapi?"

Alizitazama. Zote alikuwa amezishona nje ndani.

"Samahani. Nitazifumua."

"Wakati wa likizo yako nilikuwa na binti hapa, sijawahi kumrudishia kola hata moja. Namba yake ya simu ninayo bado." Msimamizi hakuwa mtu mbaya, lakini hakupenda kurudia maneno. "Umerudi kazini au umeleta mwili tu?"

"Nimerudi. Naomba mapumziko ya mchana nifike nyumbani mara moja."

"Ukichelewa kengele, usije ukaniambia habari za mtoto."

Alitoka bila kugusa chakula. Njia nzima alipanga maneno. Angewakuta, asingepiga kelele. Angemchukua mwanawe, nguo za mtoto zipo kwenye kapu moja, yeye mwenyewe hana vingi. Angekwenda kwa dada yake. Kazi ingepotea, maana kwa dada yake ni mbali na karakana, na huyo binti wa namba ya simu angekalia kiti chake kabla hakijapoa. Yote aliyaona, na bado miguu ilikwenda.

Nyumbani mlango ulikuwa umerudishwa. Mama mkwe alikuwa peke yake, amekaa kwenye kiti cha dirishani, mikono mapajani. Mkeka umekunjwa.

"Nani huyo?" mama mkwe akauliza, uso kaugeuzia mlangoni.

"Ni mimi. Mtoto yuko wapi?"

"Amelala ndani."

Aliingia ndani. Kitanda kilikuwa kitupu, shuka limenyooshwa. Alirudi sebuleni mbio.

"Mama, kitandani hakuna mtu."

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Sikai! Mwanangu yuko wapi? Mmempeleka kwa nani?"

"Usinilazimishe kusema nisiloweza kusema."

"Basi nitalisema mimi! Hamkunitaka tangu mwanzo. Mlimtaka yule wa vidole, sasa mnampa na mwanangu amzoee kidogo kidogo! Ndiyo maana ulinifukuzia kazini kwa maneno matamu!"

Mama mkwe aliinua mkono kama anayekinga kofi. Machozi mawili yalishuka usoni mwake, na mkwe wake akayaona, akayahesabu kuwa ushahidi, akatoka.

Korido ile ilinukia mafuta ya nywele na spiriti. Pazia la kushoto, msusi. Pazia la kulia, kinyozi. Alishika la kushoto akalivuta kwa nguvu mpaka pete zikalia.

Msusi alikuwa anamsuka mama mmoja aliyesinzia. Kitana mkono wa kushoto, rasta zimetapakaa sakafuni, nyingine zimesukumwa na upepo wa feni hadi koridoni. Mtoto hakuwepo.

"Ala, shemeji! Umetaka kuning'olea pazia?" Msusi alimtazama, akaona uso wake, akaacha utani nusu. "Kama unamtafuta bwana mdogo, yuko ng'ambo kwa baba yake. Mimi hapa hanitaki, akiniona analia kama kaona sindano. Jana nimejaribu kumbembeleza, kaninyofoa rasta nzima."

"Yuko kwa baba yake?"

"Si kila siku? Kwani hujui?" Mkono wa kushoto ukasimama hewani. "Jamani. Hukujua."

Mke wa kinyozi aligeuka. Pazia la kulia lilikuwa na mwanya, akasimama hapo.

Mteja alikuwa kwenye kiti, shuka shingoni, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Kinyozi alikuwa amemsahau. Alikuwa ameinama mbele ya kile kioo kirefu, mtoto amekaa juu ya meza ya vifaa kwenye taulo lililokunjwa, mgongo umeegemea kifua cha baba yake, wote wawili wametazama kiooni. Mtoto anacheka na mtoto mwenzake wa kwenye kioo. Shati lililochafuka lilikuwa kwenye ndoo, na jipya, la bluu, lilikuwa linafungwa. Mikono mikubwa ya kinyozi ilikuwa imemzunguka mtoto kutoka nyuma, na macho yake hayakutazama vidole. Yalitazama kioo.

"Tulia, bwana mkubwa," alikuwa akinong'ona. "Hiki kinapita juu. Mama anakilaza huku. Tukifunga kama yeye, hata hatajua."

Akavuta. Fundo likakaa.

Mke wa kinyozi alilitazama ndani ya kioo, na kitanzi cha juu kilikuwa kimelala mahali pake. Lilikuwa fundo lake. Lile lile, mkono wake mwenyewe. Kisha akalitazama ubavuni mwa mtoto, nje ya kioo, na lilikuwa limegeuka.

Sauti ilimtoka, si kicheko wala kilio. Kinyozi akainua uso. Macho yao yakakutana kiooni.

"Mama Kibonge."

"Geuka."

"Nisikilize, mimi..."

"Geuka unitazame. Umeniambia uongo mwingi kupitia vioo. Leo nataka uso."

Aligeuka, mtoto mkononi. Mkewe hakukumbuka vizuri mara ya mwisho kumwona ana kwa ana katikati ya mchana; alikuwa amekonda, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shemeji," mteja akasema kutoka kwenye kiti, "mwache animalizie kichwa, kisha mgombane kwa nafasi."

"Kaka, tupishe kidogo," mke wa kinyozi akamwambia.

"Nikae nje hivi? Nusu mtu?"

"Utakuwa tangazo letu," kinyozi alisema, na mteja akatoka akinung'unika kwamba hili si tangazo, hili ni onyo.

Walibaki watatu. Mtoto alimwona mama yake, akaanza kumrukia. Akampokea, akakaa kwenye kiti cha kunyolea akampa ziwa, na maziwa yaliyogoma asubuhi yakashuka yenyewe mpaka mtoto akapaliwa.

"Sema," alimwambia mumewe. "Tena usinipunguzie."

"Mama haoni."

"Haoni nini?"

"Haoni. Macho yake yana ukungu, kila mwezi unazidi. Siku ile ya kwanza uliyorudi kazini, nilikuwa nafunga viatu nitoke. Akamimina maji ya moto kuosha kikombe. Mtoto alikuwa chini, karibu kabisa na miguu yake. Hakumwona. Nilimdaka mtoto kwa mguu wake mmoja, maji yakaniangukia mimi." Aliinua kiganja, kovu jipya la kuungua, lile alilosema ni la mashine. "Mama alilia siku nzima. Akaniapisha nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Anaogopa. Alisema: mke wako nilimpinga, kisha usiku mmoja nikamsikia analia, nikamwahidi kumshikia mtoto, leo nimwambie siwezi hata hilo? Ataniona mzigo. Na mimi nilijua ukisikia utaacha kazi siku hiyo hiyo. Nilikuona ulivyolia likizo ilipokuwa ndefu, ulivyokuwa unazishona nguo za mtoto kwa mkono hadi usiku kwa sababu vidole vimekosa kazi. Nikasema nitambeba mwenyewe. Namtoa ukishaondoka, namrudisha kabla hujafika."

"Na mimi ukaniacha niwaze."

"Sikujua unawaza."

"Ulijua. Jana ulikimbiza macho."

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Nilijua."

"Nimemtukana mama yako, baba Kibonge. Sasa hivi, nimetoka kumtukana. Analia pale kitini na sikumuuliza hata kwa nini ameuliza 'nani huyo' nikiwa nimesimama mbele yake mchana kweupe." Alimpangusa mtoto mdomo. "Nimemsema hata huyu jirani yako moyoni mwangu, Mungu anisamehe, nikamvika dhambi ambayo hana."

"Kosa ni langu."

"Ni lako. Na langu lipo, nitalibeba mwenyewe."

Kinyozi alipiga magoti mbele ya kiti, palepale penye nywele zilizonyolewa, akamshika mguu. Hakusema maneno matamu. Hakuwa nayo siku hiyo. "Sitakuficha tena kitu. Hata kama nimeapishwa."

Mkewe alimtazama. Macho yale yale laini, ila sasa hayana kioo katikati, na kwa karibu hivi yalikuwa na woga ambao hakuwahi kuujua. Alinyoosha mkono akamtoa unywele kwenye nyusi. Hakumwambia amesamehe. Alimwambia, "Mwache mteja aingie. Watu wanamcheka." Na kinyozi alielewa, maana aliubusu ule mkono kabla haujarudi.

"Na shati?" aliuliza. "Nilifunge upya?"

"Liache."

Mke wa kinyozi aliwahi kengele akihema. Redio alikuwa ameshafumua kola mbili kati ya tatu, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Umemkuta?" alinong'ona.

"Nimemkuta."

"Na nani?"

"Na mwanangu."

"Na nani tena?"

"Na mteja mwenye nusu kichwa. Nipe mkasi."

Jioni, mama mkwe alikuwa bado kwenye kiti kile. Mtoto alikuwa amerudishwa, yumo kwenye kapu lake, na kapu limesogezwa mbali na kiti, mbali kuliko inavyohitajika. Mke wa kinyozi sasa aliona kila kitu: kikombe kilichowekwa daima mahali pamoja, kamba iliyofungwa toka mlangoni hadi jikoni ambayo alidhani ni ya kuanikia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Sauti ndogo sana.

"Mama, mchana nilisema maneno mabaya. Nimekuja kukuomba radhi."

"Ulikuwa na haki. Nilikwambia uongo."

"Nimeona mwenyewe, ndipo mwanao akanieleza."

Mama mkwe hakuuliza ameona nini. Alikaza vidole mapajani. "Basi utanipeleka wapi?"

"Kwa daktari wa macho, mimi na mwanao, siku ya mapumziko yangu. Kwingine sikupeleki."

Alimtoa mtoto kapuni, akakaa sakafuni kwenye mkeka, akamvuta mama mkwe taratibu kutoka kitini mpaka naye akakaa chini. Akamweka mtoto mapajani mwake, akauchukua mkono wa mzee akauweka chini ya shingo ya mtoto, na wake akauacha hapo hapo, juu ya ule.

"Unanipa?" mama mkwe aliuliza, mwili wote umekakamaa. "Baada ya yale maji?"

"Nakupa nikiwa hapa, mama. Nisipokuwepo atakwenda kunyoa watu na baba yake. Kila mtu na zamu yake."

Mzee alicheka kidogo, machozi yakiwa bado. Kidole chake kilitambaa kifuani mwa mtoto, kikafika kwenye fundo, kikalizunguka polepole kama anayelisoma.

"Leo ni shati lipi?" aliuliza, na lilikuwa swali, halikuwa uongo.

"La bluu, mama."

"Bluu ya zile sare zenu?"

"Hapana. Bluu ya mbingu."

Mama mkwe aliitikia kwa kichwa, ameridhika, akainamisha uso kuitazama.